Raba ya Bwana Gundi

Mtu anayeuliza njia huchelewa kidogo, lakini hufika. Asiyeuliza naye hufika, ila mara nyingi hufika kwingine, na akishafika huko huanza kuulaumu mguu. Watu wazima wengi hulijua jambo hili na bado hushindwa kulitenda, kwa kuwa swali humfanya mtu aonekane amepungukiwa, na hakuna binadamu apendaye kuonekana amepungukiwa mbele ya wenzake. Methali yetu humtetea muulizaji kwa maneno matatu tu: kuuliza si ujinga. Kisa hiki ni cha mtu aliyeijua methali hiyo kwa kichwa asiijue kwa moyo, na cha mkewe aliyekuwapo siku ilipomfunza.

Duka lao lilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, chumba kirefu na chembamba chenye dirisha moja lililotazama miguu ya wapita njia. Ndani mlinuka gundi, karatasi kuukuu na chai iliyosahauliwa. Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Gundi, alikuwa mtafutaji na msafishaji wa vitabu vilivyoacha kuchapishwa. Mke alishona kurasa zilizoachana na uti wa kitabu, kwa hiyo akaitwa Bi Sindano. Jina hilo lilimfaa pia kwa ulimi wake, ambao ulichoma kila ulipotakiwa kuchoma.

Vitabu vilivyompa Bwana Gundi sifa vilikuwa vya aina moja, yaani miongozo ya wapanda milima. Ni vitabu vyembamba vya kuingia mfukoni, vinavyoeleza njia moja baada ya nyingine: pa kuanzia, mwamba wa kushika, mahali pa kufunga kamba, na mahali ambapo mtu asithubutu kukanyaga mvua ikinyesha. Huchapishwa vichache, huloa, huchanika, huisha, na mchapishaji haoni faida ya kuvirudia. Anayekitaka hukitaka kwa roho yake yote. Bwana Gundi mwenyewe hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za duka lake, na hata hizo alizipanda akihema, lakini hakuna mwongozo uliomkimbia ukafika mbali. Alisoma matangazo ya vifo kila asubuhi kama wengine wasomavyo matokeo ya mpira. Mpanda milima mzee akifariki, Bwana Gundi alisubiri matanga yaishe, kisha akapiga simu kwa wafiwa, akatoa pole ya haki, na hatimaye akauliza kuhusu makabati.

"Siku moja utamfikia marehemu kabla ya daktari," mkewe alimtania.

"Mradi nikute kabati halijaguswa," alijibu bila kuinua macho.

Hilo la makabati ndilo swali pekee alilolikubali. Kwa wateja hakuuliza lolote. Mjalidi wa vitabu aliyemfunza kazi alimwambia zamani kwamba fundi anayeuliza sana ni fundi asiyejua, na maneno hayo yalimkaa kichwani kama msumari kwenye mninga. Mteja akishataja jina la kitabu na toleo lake, Bwana Gundi aliinua kiganja. "Inatosha. Mengine ni umbea." Wateja wengi waliondoka wakimsifu kwa staha yake. Bi Sindano, aliyemjua kwa miaka mingi, aliona si staha. Ilikuwa hofu ya kuambiwa kitu ambacho hakukijua, nayo ilikuwa imevaa kanzu ya staha.

Siku moja ya mvua aliingia mama mmoja wa makamo ya kuelekea uzeeni, mwavuli wake umevunjika njiti moja. Baadaye walikuja kujua kwamba alikuwa mkunga aliyestaafu. Alisimama mlangoni akijifuta viatu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayeogopa jibu kabla ya kutoa ombi.

"Fundi, natafuta mwongozo wa mlima pacha," alisema. "Toleo la pili, lenye jalada la kijani."

Bwana Gundi alitabasamu. Aligeuka, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akamwekea mbele kitabu chenyewe, kikiwa safi kama kilichotoka mtamboni juzi. Huo ndio ulikuwa mchezo alioupenda kuliko yote.

Mkunga hakukigusa. "Si hiki, baba. Mimi nataka kile chenye mhuri wa kibanda. Kile kilichokuwa juu mlimani, kwenye kibanda cha chama cha wapandaji. Nakitaka kwa sababu..."

Kiganja kiliinuka. "Mama yangu, usijisumbue. Toleo la pili, mhuri wa kibanda. Nimekuelewa."

"Lakini ningependa ujue kwamba..."

"Mimi na mteja wangu tunakutana kwenye kitabu tu. Kikiwa juu ya ardhi hii, nitakileta."

Bi Sindano aliacha uzi hewani. Mtu anakataa kitabu safi, anataka kilekile kilichochakaa, nawe huulizi? Alifungua mdomo, lakini mumewe alimtupia jicho lililosema *nyamaza*, naye akanyamaza ili asimwaibishe mbele ya mgeni. Mkunga aliandika namba yake ya simu kwenye kikaratasi, akashukuru, akatoka. Mlango ulipofungwa, Bwana Gundi alicheka puani.

"Wakusanyaji wana wazimu wao. Huyu wake ni mihuri."

"Yule si mkusanyaji," mkewe alisema. Alichukua mwavuli mzima uliokuwa nyuma ya mlango, akamfuata yule mama nje.

Walitembea pamoja hadi kituo cha basi chini ya mwavuli mmoja. Bi Sindano aliuliza swali moja tu, "Mama, kile kitabu kina nini?" Mkunga akasimama pale penye dimbwi, akaeleza kama mtu aliyepewa ruhusa ya kutua mzigo.

Alikuwa na kitinda mimba, kijana aliyependa milima kuliko chakula. Miaka minane iliyopita alipanda mlima pacha peke yake, asirudi. Wapandaji wa chama kile walikuwa na desturi yao. Kibandani palikuwa na mwongozo mmoja wa wote. Anayetaka kupanda alifungua ukurasa wa njia anayoikusudia, akaandika jina lake kwa penseli pambizoni. Akirudi salama alilifuta kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kumfutia mwenzake, hata kwa mzaha, hata akiombwa.

"Kwa hiyo jina lisilofutwa..." Bi Sindano alianza.

"Ndilo la mtu aliye bado juu," mkunga alimalizia. "Na siku ile aliyopanda mwanangu, kibanda kilikuwa kinafungwa. Chama kilikuwa kinavunjika. Mlinzi alifungasha vitu vyote kwenye makasha, akateremka navyo, bila kujua kuna mtu bado yuko juu. Makasha yakapigwa mnada. Tulipoanza kumtafuta kijana, hakuna aliyejua ameshika njia ipi. Mlima una kuta mbili, binti yangu, na kila ukuta una njia kama mistari ya kiganja. Walitafuta upande mmoja mpaka wakachoka."

Basi lilikuja likaondoka bila yeye kulipanda.

"Kuna watu wa chama walioniahidi watapanda mara ya mwisho nikiwaonyesha njia," aliendelea. "Lakini nao wanazeeka kama mimi. Mimi sitafuti kitabu. Natafuta alipolala mwanangu, nipate mahali pa kuweka mkono na kusema kwaheri. Mumeo ni mtu mzuri, anaheshimu siri za watu. Mwambie basi wewe."

"Nitamwambia, mama," Bi Sindano alisema, na alikuwa na nia hiyo.

Jioni, yeye na mumewe walipokaa kula, alianza kwa upole. "Bwana, yule mama wa mwongozo wa kijani. Unajua anakitafutia nini?"

"Sijui, na sitaki kujua. Habari za wateja zisiingie kwenye sahani yangu."

"Hii ni tofauti. Nisikilize kidogo tu."

"Mke wangu, wewe ungefaa kuwa polisi. Umemfuata mtu kwenye mvua kwenda kumhoji! Kesho watu watasema duka la Bwana Gundi linapekua wateja."

Neno hilo lilimchoma. Alikuwa amelowa hadi magotini kwa ajili ya duka hilo hilo. "Haya," alisema huku akikusanya sahani. "Siku utakayotaka kujua, utaniuliza."

"Nikitaka nitauliza."

Tangu hapo kila mmoja akakaa upande wake wa ukimya, kama maji mtungini. Bi Sindano hakuona hatari. Vitabu vya namna ile huchukua miaka kupatikana, na vingine havipatikani kabisa. Zaidi ya hayo, dukani mlikuwa na sheria isiyovunjwa: sindano kwanza, raba baadaye. Kila kitabu kilipita mikononi mwake kabla ya kusafishwa, maana ukurasa uliolegea huchanika ukisuguliwa. Kikija, alijiambia, nitakiona mimi kwanza, na hapo apende asipende nitamweleza. Alijiwekea akiba ya ushindi mdogo juu ya mumewe, nasi hatuwezi kumlaumu sana, kwa kuwa ndoa nyingi huishi kwa akiba za namna hiyo.

Bwana Gundi alitafuta. Alimpata aliyekuwa katibu wa chama, kipofu sasa, asiyekumbuka ila nyimbo walizoimba wakishuka. Alimpata mlinzi wa kibanda, ambaye alikumbuka makasha lakini si watu walioyanunua. Aliwapigia wauza vitabu wa kando ya barabara, wajane, walimu waliostaafu, watu waliomkatia simu. Jibu lilikuwa lile lile, na mara mbili mkunga alipopiga kuulizia, Bwana Gundi alimjibu, "Bado, mama, lakini niko nyuma yake." Ulikuwa ukweli. Ukimwondolea ukaidi wake, alikuwa mtu wa kujituma asiyejua kulala na kazi ya mtu. Hilo ndilo linaloumiza katika kisa hiki, kwamba hakuwa mbaya.

Kitabu kilipatikana mahali ambapo hakuna ambaye angepadhania. Muuza matairi mmoja alikuwa amenunua kasha kwenye mnada ule kwa ajili ya kamba zilizokuwamo, kamba nzuri za wapandaji, ambazo tangu wakati huo alizitumia kuvutia magari mabovu. Vitabu vilivyokuwa chini ya kamba hakuvihitaji. Kimoja alikiweka chini ya feni yake ili isimame sawa. Bwana Gundi alikwenda kubadilisha tairi la baiskeli, akaona kona ya kijani chini ya feni, akachuchumaa.

"Ndugu, feni yako imekalia nini?"

"Kitabu tu, mzee. Chukua, niletee kipande cha mbao."

Alipofungua jalada alikuta mhuri, duara la wino uliofifia. Alirudi dukani akikumbatia kitabu kama mtoto mchanga, akitamani kumwonyesha mkewe. Lakini mkewe hakuwapo. Dada yake mdogo alikuwa amefanyiwa upasuaji, naye Bi Sindano alikuwa amekwenda kumuuguza siku chache.

Mume alikaa na kitabu peke yake. Alikichunguza uti, akaukuta imara, haukuhitaji sindano. Akaona hasara kumngoja mkewe bure, na akaona raha kumfikiria akirudi akute kazi imekwisha, mteja amefurahi, na ule ukimya wao umepata kisingizio cha kuvunjika. Alivaa miwani. Akatwaa raba.

Bi Sindano alirudi siku mbili baadaye, mchana, akiwa na mfuko wa nguo za kufua na macho mazito ya kukesha. Mumewe alikuwa amesimama nyuma ya meza, ameoga, amevaa shati la kupokelea wageni. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na kitabu kidogo cha kijani.

"Karibu, mke wangu. Dada anaendeleaje?"

Mfuko ulimtoka mkononi. Alikaribia meza, akafungua jalada, akauona mhuri wa kibanda. Kisha akaanza kufunua kurasa, polepole mwanzoni, halafu upesi zaidi. Pambizo zilikuwa nyeupe. Kurasa zilikuwa zimenyooka, laini, zimelala kama shuka za hoteli.

"Umekifanya nini?" aliuliza, bado akifunua.

"Nimekikamilisha! Nilikisugua ukurasa kwa ukurasa, nikakinyunyizia maji kidogo, nikakibana kwenye mtambo wa kubania vitabu hadi mikunjo yote ikatoka. Kilikuwa na hali mbaya, jalada limejaa grisi. Nimempigia yule mama asubuhi. Alilia kwenye simu. Nakwambia alilia! Yuko njiani."

Bi Sindano alikaa kwenye kiti chake cha kushonea. "Ndani mlikuwa na maandishi ya penseli?"

"Kidogo sana. Mahali pamoja tu, kitabu kizima. Nilishukuru kazi ilikuwa ndogo."

"Mahali pamoja," alirudia. "Yalikuwa yanasema nini?"

"Mimi sisomi ninachofuta." Alitaka kucheka, lakini uso wa mkewe ulimzuia. "Kwani kuna nini? Unanitisha."

"Sasa unauliza," mkewe alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Leo ndiyo unauliza."

Akamweleza. Alimweleza yote, dimbwi, basi lililopita, kijana, kibanda, desturi ya penseli na raba. Kadiri alivyosema ndivyo Bwana Gundi alivyozidi kusinyaa ndani ya shati lake la kupokelea wageni. Mwishowe aliketi juu ya rundo la vitabu, jambo ambalo katika maisha yake hakuwahi kulifanya.

"Ukurasa gani?" mkewe aliuliza. "Kumbuka. Mwanzoni? Katikati? Upande wa kulia au wa kushoto?"

"Kushoto. Au... nilikuwa nikikigeuza nisugue. Kushoto, nadhani."

"Nadhani haitoshi!"

"Sikumbuki, mke wangu. Wallahi sikumbuki."

Walichukua taa ya mezani, wakailaza, wakapitisha kila ukurasa kwenye mwanga wa kando, maana penseli huacha mfereji hata ikifutwa. Mahali hapa na pale waliona vivuli vya mikwaruzo, hafifu mno, mmoja juu ya mwingine. Hayo yalikuwa majina ya watu wote waliopanda wakarudi, wakajifuta wenyewe kwa furaha na kwenda zao nyumbani. Kivuli cha jina la yule kijana, kama kilikuwapo, kilikuwa kimechanganyika navyo. Maji na mtambo vilikuwa vimemaliza kazi. Bwana Gundi aliijua kazi yake vizuri sana. Angekuwa fundi mbovu, kingepona kitu.

"Ungeniambia hata kwa nguvu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikuambia siku ile. Ulisema nisilete kwenye sahani yako." Kisha Bi Sindano akainamisha kichwa. "Nami nilitia ukaidi. Nilisema moyoni, ataniuliza tu. Nilitaka nisikie swali lako kwanza."

Hodi ikabishwa.

Mkunga alikuwa amevaa nguo yake nzuri na kufunga kitambaa kipya. Aliwasalimu wote wawili kwa mikono miwili, akawaita wanangu. Aliketi, akavaa miwani yenye mkono uliofungwa uzi, akakivuta kitabu mbele yake. Alipouona mhuri, aliweka kidole juu yake, akafumba macho.

Kisha alianza kufunua. Hakuwa na haraka. Kila njia aliipa nafasi yake, akipitisha ncha ya kidole pambizoni toka juu hadi chini, kama alivyozoea kupapasa matumbo ya wazazi akitafuta kichwa cha mtoto. Bi Sindano alizitazama kurasa zikipungua upande wa kulia na kuongezeka upande wa kushoto. Alitamani ziwe elfu.

Mkunga alifika mwisho. Akarudi mwanzo, akapitia tena upesi zaidi. Alipoinua uso, Bi Sindano aliona kwamba mama yule alikuwa akitabasamu.

"Hakuna jina," alisema. "Mnaona? Hakuna jina hata moja."

"Mama..." Bi Sindano alianza.

"Amelifuta! Mwanangu aliteremka. Alirudi kibandani akajifuta mwenyewe, kabla mlinzi hajafunga. Basi hakufia mlimani. Yuko mahali. Labda alikasirika na sisi, vijana wana hasira zao, labda alivuka mpaka akatafuta kazi." Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Miaka minane nalilia mtu aliye hai! Nitamchapa huyu mtoto, nitamchapa nimkumbatie."

Wazo baya lilimpitia Bi Sindano, nalo lilikuja na sura ya huruma. Mwache. Mama mzee aondoke na furaha yake, nani atamwambia? Lakini akilini alimwona yule mama akirudi nyumbani, akitandika kitanda cha kijana, akisikiliza kila mguu unaopita mlangoni mpaka siku ya kufa kwake. Alimgeukia mumewe. Uso wa Bwana Gundi ulikuwa umepauka kama karatasi alizokuwa amezisafisha.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini, fundi?"

"Ni mimi niliyefuta. Jina lilikuwamo. Lilikuwa moja tu. Nilikisafisha kitabu ili ukifurahie."

Tabasamu la mkunga halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa katika nyumba iliyohamwa.

"Ukurasa gani?" aliuliza.

"Sijui."

"Ukuta upi? Wa mashariki au wa magharibi?"

"Sijui, mama."

"Jina ulilisoma?"

"Niliona maandishi. Sikuyasoma."

Mkunga alivua miwani, akaikunja, akaikunjua tena. Alimtazama kwanza Bi Sindano, aliyemwahidi kumwambia mumewe, naye akainamisha macho; kisha akamgeukia fundi. Alipozungumza hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Siku ile ya mvua nilitaka kukueleza. Nilianza mara mbili."

"Ndiyo. Ulianza."

"Nilikukatalia kitabu kizuri, nikakuomba kibovu. Hukushangaa?"

"Nilishangaa."

"Mbona basi hukuniuliza?"

Bwana Gundi alikuwa na majibu mengi aliyowahi kuyatoa maishani, kuhusu staha, kuhusu umbea, kuhusu mjalidi aliyemfunza. Aliyatafuta sasa asilione hata moja. Alitikisa kichwa tu, machozi yakamdondokea mikononi, mikono ileile iliyonuka gundi.

"Nipeni penseli," mkunga alisema.

Bi Sindano alimpa ya kwake, fupi, ya kuwekea alama za sindano. Mkunga alilifungua jalada la kijani, akaziacha kurasa zote za njia, akaandika jina la mwanawe ndani ya jalada, chini ya mhuri, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika vyeti vya watoto wachanga.

"Sijui yuko njia gani," alisema, "lakini hajarudi. Kitabu lazima kiseme hajarudi."

Alikiweka kifuani, akasimama. Bwana Gundi alitaka kumsindikiza, yeye akatikisa mkono kumkataza, bila hasira. Kupitia dirisha lao la chini wakaviona viatu vyake vikipita, vikasimama kidogo kana kwamba vimesahau upande wa kwenda, kisha vikaendelea.

Watu wa chama walipanda bila kujua njia, kwa heshima ya mama yule. Walipanda ukuta wa magharibi, hawakuona kitu, na waliporudi mkubwa wao alisema magoti yake hayatarudi tena juu kule. Mkunga aliwashukuru. Hakuja tena dukani.

Bwana Gundi bado anatafuta vitabu. Raba yake iko dirishani, imekauka imepasuka, na mkewe haiondoi. Mteja akiingia, hata wa kununua kalenda ya zamani, yeye humvutia kiti na kusema, "Karibu, ndugu. Niambie kwanza, unakitafutia nini?" Humsikiliza mpaka chai ipoe, hata habari ikiwa ndefu na haina maana, hata akicheleweshewa chakula. Wengine humwona mzee mdaku. Bi Sindano hushona huku akisikiliza, wala hamtanii tena juu ya jambo hilo, kwa kuwa kila anapolisikia lile swali hukumbuka wapi lilipaswa kuulizwa. Lingechukua pumzi moja, siku ya mvua, mbele ya mama aliyesimama na mwavuli uliovunjika. Fundi yule aliogopa kuonekana hajui, akamfutia mama wa watu njia ya kumfikia mwanawe. Kweli, kuuliza si ujinga.